Ndege Ikitua, Safari Haijaisha



Sisi Wabongo tuna mchezo wetu ndani ya ndege. Magurudumu yakigusa lami tu, mikanda inaanza kufunguliwa, kwa, kwa, kwa. Mhudumu anaomba watu wakae, ndege bado inatembea, lakini mjomba wa kiti cha mbele ameshasimama katikati ya njia anavuta begi lake, simu iko sikioni: "Nimeshafika, wewe uko wapi?" Kwake yeye hatari ilikuwa kule juu mawinguni. Huku chini ni nyumbani.

Leo nataka kubishana na huyu mjomba. Na simlaumu sana, maana mawazo yake ndiyo mawazo ya wengi wetu, wakiwamo waheshimiwa wanaokata utepe kwenye viwanja vya ndege. Kamera zinapigwa kwenye marumaru, kwenye ngazi za umeme na kwenye kioo kikubwa. Hakuna anayetoka nje usiku kwenda kuangalia kama taa za njia inayopita ndege zinawaka zote.

Nianze na hili. Ajali iliyoua watu wengi kuliko zote katika historia ya usafiri wa anga ilitokea kiwanjani. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, Boeing 747 mbili, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana kwenye barabara ya kurukia. Watu 583 walikufa. Moja ilikuwa inakimbia ili iruke, nyingine ilikuwa bado inatembea kwenye barabara hiyo hiyo ikitafuta pa kutokea. Ulikuwa mchana, lakini kulikuwa na ukungu mzito. Na ukungu na usiku ni ndugu wa tumbo moja, wote wanamnyang'anya rubani macho.

Wengi wetu tunadhani usiku rubani anaona kama dereva wa basi anavyoona barabara ya Morogoro akiwasha taa kubwa. Sivyo. Kiwanja kikubwa usiku ni bahari ya taa. Taa nyeupe zimepanga mstari pembeni mwa barabara ya kurukia. Taa za bluu ziko pembeni mwa njia za viungio, zile barabara ndogo zinazotoka kwenye maegesho. Taa za kijani ziko katikati ya njia, hizo ndizo rubani anazifuata kama mtu anayefuata kamba gizani. Taa nyekundu zilizolala kukata njia maana yake simama, usiguse barabara ya kurukia mpaka uambiwe. Ongeza vibao: cheusi chenye maandishi ya njano kinakwambia uko wapi, cha njano chenye maandishi meusi kinakwambia njia hii inaelekea wapi, na chekundu chenye maandishi meupe kinakwambia hapa mwisho wako, ngoja ruhusa.

Kila kitu kina maana yake. Kikikosekana kimoja, rubani habaki bila maelekezo, anapata maelekezo ya uongo. Mnisikilize vizuri hapo, kwa sababu hoja yangu yote iko hapo.

Twende Taipei. Tarehe 31 Oktoba 2000, saa 5:17 usiku, mvua na upepo wa kimbunga Xangsane. Ndege ya Singapore Airlines, safari namba SQ006, inaelekea Los Angeles. Marubani wameambiwa watumie barabara ya kushoto. Jirani yake kuna barabara ya kulia iliyofungwa kwa ujenzi, imejaa mitambo na zege. Taa za kijani za katikati ya njia zilikuwa zinapinda kuelekea kwenye barabara iliyofungwa. Za kwenda kwenye barabara sahihi zilikuwa zimeachana mno, na baadhi hazikuwa zinawaka vizuri. Hakukuwa na kizuizi chochote cha kumwambia rubani kwamba hapa hapapitiki. Marubani wakafuata kijani. Wakaingia barabara iliyofungwa, wakaongeza moto, wakagonga mitambo. Watu 83 kati ya 179 walikufa.

Baada ya hapo yakaja mabishano. Wachunguzi wa Taiwan waliweka uzito kwa marubani: walikuwa na ramani, walikuwa na dira, walikuwa na tangazo la kufungwa kwa barabara ile. Singapore ikajibu kwamba kiwanja kiliweka mtego. Mimi nasema wote wawili walikuwa sahihi, na hilo ndilo linalotisha. Rubani mzuri kwenye kiwanja kibaya, usiku, kwenye mvua, anahitaji kukosea mara moja tu.

Sasa najua kuna msomaji ameshaanza kusema, "Kaka, hizo ni habari za viwanja vikubwa. Dar si Los Angeles. Ndege zetu zinahesabika kwa vidole, zitagongana na nini?"

Swali zuri. Jibu langu ni Lexington, mji wa kawaida tu kule Kentucky, Marekani. Tarehe 27 Agosti 2006, saa 12:06 asubuhi, bado giza. Ndege ndogo ya Comair ina watu 50. Hakuna foleni, hakuna ndege nyingine inayowaingilia. Marubani wanatakiwa kutumia barabara yenye urefu wa futi 7,003. Wanaingia kwenye ile fupi ya futi 3,500. Njia ya kufikia barabara kubwa ilikuwa imebadilishwa wiki moja kabla kwa sababu ya ujenzi na ramani walizokuwa nazo zilikuwa za zamani. Barabara fupi haikuwa na taa, na mmoja wa marubani alishangaa kwa sauti kwamba mbona hakuna taa. Lakini waliendelea. Njiani walikuwa wanapiga soga za kazi, jambo ambalo sheria ya Marekani inalikataza ndege inapotembea kiwanjani. Ndege iliishiwa barabara. Kati ya watu 50 alipona mmoja, rubani msaidizi.

Na kule mnarani? Mwongozaji alikuwa mmoja, wakati maelekezo yalitaka wawe wawili. Alikuwa amelala kama saa mbili tu kabla ya zamu. Baada ya kuwapa ruhusa ya kuruka, aligeuka kufanya kazi za makaratasi. Hakuwaona wakipinda kusikotakiwa.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayesema ndege zetu ni chache, huhitaji ndege ya pili ili ufe. Unahitaji giza, ramani ya zamani na mtu mmoja aliyechoka.

Kama Kentucky ni mbali, twende Johannesburg. Usiku wa tarehe 22 Desemba 2013, Boeing 747 ya British Airways iliyokuwa inaondoka kwenda London iliambiwa ifuate njia iitwayo Bravo. Mahali fulani Bravo inapinda kulia. Marubani wakaenda moja kwa moja, wakaingia njia nyingine iitwayo Mike, ambayo ni nyembamba. Kando yake kuna jengo la ofisi. Bawa la kulia likaingia ndani ya jengo kama kisu kwenye mkate, na wafanyakazi wanne waliokuwamo wakaumia kidogo. Ndani ya ndege hakuna aliyeumia.

Jiulize, rubani hakuliona ghorofa? Jibu ni kwamba 747 ina upana wa zaidi ya mita 60 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, na ukiwa umekaa kule mbele huzioni ncha hizo. Unaamini mstari. Ukiwa kwenye mstari sahihi, bawa litapita. Ukiwa kwenye mstari wa jirani, unalima ofisi za watu. Wachunguzi wa Afrika Kusini walisema marubani walipoteza picha ya mahali walipo, na kwamba hawakukaa kupitia pamoja njia yao baada ya kupewa maelekezo.

Dreamliner zetu za ATCL, zile tulizoanza kuzipokea mwaka 2018 kwa shangwe na mazulia, zina mabawa ya mita 60. Sisemi haya kumtisha mtu. Nasema ukinunua gari pana, angalia na upana wa geti.

Kuna jambo lingine ambalo wanaotumia barabara zetu usiku watalielewa haraka kuliko Mmarekani. Lori limekufa barabarani, halina taa, dereva amekata majani akayatandika nyuma. Basi linakuja kasi. Tunajua mwisho wake, na tumezika watu. Kwa miaka mingi serikali ilikataza mabasi kusafiri usiku, mpaka ruhusa ilipotolewa mwaka 2023.

Sasa liweke lori hilo kwenye barabara ya ndege. Los Angeles, 1 Februari 1991, saa 12:07 jioni, giza limeshaingia. Mwongozaji aliiweka ndege ndogo ya SkyWest katikati ya barabara ya kurukia isubiri. Kisha akaanza kuhangaika na ndege nyingine ambayo haikuwa inasikika redioni. Akaisahau ile ndogo. Akairuhusu Boeing 737 ya USAir itue pale pale. Marubani wa 737 hawakuiona, taa zake ndogo zilipotea katikati ya taa za barabara. Rada ya ardhini, ile inayomwonyesha mwongozaji nani yuko wapi kiwanjani, ilikuwa mbovu siku hiyo. Watu 35 walikufa.

Utasema hayo ni mambo ya 1991, teknolojia imekua. Haya, tuje Tokyo, uwanja wa Haneda, 2 Januari 2024, saa 11:47 jioni. Ndege ya walinzi wa pwani ilikuwa inapeleka misaada kwa waathirika wa tetemeko la Noto lililotokea siku moja kabla. Iliingia barabara ya kurukia na kusimama hapo kama sekunde 40. Ndege ya Japan Airlines yenye watu 379 ikatua juu yake. Watano kati ya sita wa walinzi wa pwani walikufa. Wale 379 wote walitoka wakiwa hai, moto unawaka, kwa muda wa dakika 18. Na hapa mjomba wa begi asikilize: walitoka kwa sababu walikaa wakasubiri amri, na begi waliliacha.

Japani, nchi ambayo treni ikichelewa dakika moja wanaomba radhi! Taa nyekundu za kusimamisha ndege pale njiani zilikuwa kwenye matengenezo, hazikuwa zinatumika. Mtambo wa kuonya mnarani ulitoa onyo, lakini hakuna aliyekuwa anaangalia kioo. Mwongozaji aliwaambia walinzi wa pwani kwamba wao ni namba moja, akimaanisha wa kwanza kwenye foleni. Inaonekana wenyewe walielewa kwamba wameruhusiwa kuingia. Baada ya ajali Japani ilisimamisha kwa muda matumizi ya maneno hayo ya namba.

Neno moja tu!

Pale Tenerife nako lilikuwapo neno. Rubani msaidizi wa KLM alisema jambo ambalo lingeweza kumaanisha tuko tayari kuruka au tunaruka sasa hivi. Mwongozaji akaanza jibu lake kwa "OK", halafu akaendelea kumwambia asubiri. Lakini wakati huo Pan Am nao walikuwa wanaongea, sauti zikagongana hewani, mlio ukafunika kilichobaki. Kilichosikika wazi ni "OK". Ndiyo maana leo neno la kuruka halitumiki hovyo redioni. Linatamkwa tu wakati wa kutoa ruhusa yenyewe au kuifuta.

Mfikirie Mswahili na "sawa" yake. Fundi anakwambia "sawa" maana yake nimesikia. Mwenye nyumba anakwambia "sawa" maana yake nimekubali. Mama akikwambia "sawa" kwa ule mtindo wake, jiandae. Mitaani tunaishi hivyo na tunaelewana. Kwenye redio ya ndege, "sawa" ya namna hiyo inaua. Ndiyo maana rubani lazima arudie maelekezo neno kwa neno, kama mama ntilie mzuri anavyorudia: wali maharage mmoja, ndizi nyama mbili. Na mwongozaji lazima asikilize kinachorudiwa. Kama aliyerudia amekosea na msikilizaji hakushtuka, kurudia kote ni bure.

Halafu kuna watu ambao hata kwenye taarifa za ajali huwa mstari wa mwisho. Wapakia mizigo, mafundi, wavuta ndege kwa trekta, yule kijana mwenye fimbo mbili za mwanga anayemwonyesha rubani pa kusimama. Hao kazi yao yote iko gizani, katikati ya injini. Mumbai, Desemba 2015, usiku, fundi wa Air India alivutwa ndani ya injini ndege ilipokuwa inajiandaa kuondoka. Alama moja ilieleweka vibaya. Kizibao kinachoakisi mwanga ni kitu cha bei ndogo kuliko tiketi ya Dar kwenda Mwanza. Ile taa nyekundu inayomwekamweka mgongoni na tumboni mwa ndege ina maana moja, kaa mbali, injini ziko kazini. Mtu anayelipwa kwa siku na kuletwa kiwanjani bila mafunzo atajuaje?

Sasa turudi kwetu.

Afrika Mashariki tunajenga, na mimi nafurahi. Jengo la Tatu la abiria pale JNIA lilifunguliwa Agosti 2019, lina uwezo wa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka. Viwanja vya mikoani vimekuwa vikifungwa taa ili ndege zitue usiku. Ni jambo jema, mgonjwa wa Bukoba au Songea hachagui saa ya kuugua. Lakini kufunga taa ni siku moja ya utepe. Kuzitunza ni kila usiku. Taa moja ya kijani ikiungua pale njia inapogawanyika, nani anaandika? Nani anabadilisha? Kwa muda gani?

Wakenya wana somo la karibuni. Agosti 2023 umeme ulipokatika nchi nzima, jenereta la sehemu ya majengo ya abiria pale JKIA lilishindwa kuwaka. Abiria walikuwa gizani, picha zikasambaa usiku ule ule, na bosi wa mamlaka ya viwanja akapoteza kazi. Ni kwa sababu giza lile lilikuwa na abiria wenye simu. Giza la njia ya ndege halina mtu wa kulipiga picha. Hakuna atakayelia mtandaoni kwamba kibao fulani kimefifia rangi. Tutalijua siku wachunguzi wakija na makoti yao.

Na msidhani kwetu hapakosewi. Tarehe 18 Desemba 2013, siku nne tu kabla ya ile ya Johannesburg, Boeing 767 ya Ethiopian iliyokuwa inaelekea KIA ilitua uwanja mdogo wa Arusha. Mchana kweupe! Ikamaliza lami, ikaingia kwenye majani. Mungu saidia hakuna aliyeumia, tukacheka, tukatengeneza utani. Kama mchana mtu anaweza kukosea kiwanja kizima, usiku kukosea kona moja kuna ajabu gani?

Mimi si rubani wala mhandisi. Lakini kulipa kodi ya uwanja kwenye kila tiketi kunanipa haki ya kuuliza. Ninachotaka ni hivi:

1. Mamlaka zetu zichapishe kila mwaka, kwa Kiswahili, matukio ya ndege, magari na watu kuingia mahali pasipotakiwa viwanjani, hata yale ambayo hayakuumiza mtu. Yale ambayo hayakuumiza ndiyo ya kujifunzia, maana shahidi yuko hai.

2. Kila ujenzi unapobadilisha njia, ramani na tangazo vitangulie, siyo vifuate. Sehemu iliyofungwa iwekewe kizuizi na taa nyekundu.

3. Mnarani usiku wasikae mtu mmoja. Na zamu ipangwe kwa kuhesabu saa za kulala, siyo saa za kuwa nyumbani. Foleni ya kwenda Mbezi si usingizi.

4. Anayeripoti kosa lake mwenyewe asifukuzwe.

Hii ya nne najua itapingwa. Utamaduni wetu ni kwamba likitokea jambo, mtu asimamishwe kazi kabla ya saa kumi, wananchi wapige makofi. Lakini fikiria kijana aliye mnarani saa nane za usiku. Ameiruhusu ndege kuvuka njia isiyo yake, akashtuka, akairudisha, hakuna aliyejua. Akisema, anapoteza mkate. Akinyamaza, kesho mwenzake atarudia kosa lile lile kwenye kona ile ile. Wewe ungemtaka afanye nini? Mimi ningetaka aseme, kisha kona ile iwekewe taa. Mzembe anayelala kazini au kuja amelewa, huyo ashughulikiwe. Lakini aliyekosea kwa sababu kiwanja kimemchanganya, ukimfukuza yeye umebaki na kiwanja kile kile.

Ajali zote nilizozitaja hazikusababishwa na ndege mbovu. Ndege zilikuwa nzima. Kilichokuwa kibovu ni taa, rangi, ramani, neno, usingizi. Vitu vya bei nafuu. Na hiyo ndiyo inayoniuma, kwa sababu nchi inayoweza kununua Dreamliner haiwezi kutuambia imeshindwa kununua balbu.

Kwako mjomba wa kiti cha mbele: kaa chini, funga mkanda, zima simu. Kule mbele kuna watu wawili wanatafuta taa za kijani gizani. Waache wamalize kazi.

Nawasilisha. Wenye viwanja watujibu.